Picha Kali ya Mama Mkwe

Mume wangu aliileta ile lenzi nyumbani ikiwa ndani ya soksi. Aliishika kwa mikono miwili, akaingia mlangoni kiubavu, akaniambia nisikohoe karibu nayo. Watoto wetu nimewazaa mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyepokewa kwa heshima ile.

"Angalia," akasema akiivua soksi taratibu. "Haina otomatiki."

Nikamwuliza kama hiyo ni sifa au ni ugonjwa.

"Unazungusha mwenyewe kwa mkono, mke wangu. Hizi lenzi za siku hizi zinakutafutia kila kitu, wewe unabonyeza tu kama unapiga kengele ya mlango. Hii inakulazimisha umtazame mtu."

Lilikuwa bonge la chuma na kioo, zito, limechubuka rangi, na namba zake nusu zimefutika. Ndani ya kioo kulikuwa na ukungu kidogo, ambao aliniambia si ukungu, ni haiba. Nikamwambia hata bafuni kwetu kuna haiba ya namna hiyo ukutani, na nimekuwa nikimwomba aisugue tangu mwaka jana.

Tuna studio ndogo inayotazama barabara. Mbele ni kwangu: kaunta, kitambaa cheupe cha picha za pasipoti, stuli inayozunguka, kioo cha ukutani, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili mteja asiondoke nacho. Kamera yangu haina makuu. Inautafuta uso wa mteja yenyewe, inauwekea kiboksi cha kijani, inalia pii, nami nabonyeza. Nyuma ya pazia ni kwa mume wangu, anakopiga maharusi na watu wanaotaka kuonekana wana mawazo mazito. Tangu siku ya soksi nilimbatiza Profesa, kwa sababu hakuweza tena kumpiga mtu picha bila kumpa mhadhara kwanza.

Mhanga wake wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu, akataka picha ya kutundika ofisini iendelee kuwatisha wanaobaki. Profesa alizunguka, akapiga goti, akafumba jicho moja, akahema. Picha ilipotoka, tai ilikuwa safi ajabu, ungeweza kuhesabu nyuzi zake. Uso ulikuwa mvuke.

"Mimi niko wapi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Nyuma ya tai," nikamjibu, na Profesa akanikata jicho.

Alinieleza baadaye, kwa subira ya mtu anayejiona haeleweki duniani, kwamba ukiifungua lenzi ile yote, sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba kama ukucha. Ukishika kope, sikio limeshapotea. Mtu akipumua tu, umemkosa. Nikamshauri atafute wateja wasiopumua, akachukua soksi yake akaenda zake.

Ningeendelea kumcheka hadi leo, kama si mama mkwe.

Mama mkwe anaishi nasi, chumba kilicho jirani na jiko, mahali ambapo hakuna sufuria inayofunuliwa bila yeye kusikia. Siku niliyopelekwa kutambulishwa kwake aliniuliza swali, nikamjibu kabla hajalimaliza. Akamgeukia mwanawe akasema, "Umetuletea mdomo." Basi jina likanikaa. Mdomo, lete chumvi. Mdomo, funga mlango. Mimi naye tumegombania chumvi, mapazia, malezi ya watoto na namna ya kukunja shuka, na mara moja tuligombana kuhusu nani huwa anaanza kugombana. Jirani yetu wa ukutani alikuwa akipunguza sauti ya redio ili asipitwe.

Kisha taya lake la kushoto likavimba. Alisema ni jino. Aliendelea kusema ni jino mpaka daktari aliposema si jino. Tulikaa mbele ya meza yake, Mama katikati, mimi na mwanawe huku na huku, daktari akatueleza kwa upole kwamba ugonjwa umeshaingia kwenye mfupa, kwamba sehemu ya taya itabidi ikatwe, na kwamba uso utabadilika. Mama alimsikiliza kama mtu anayetajiwa bei ya kitu asichotaka kununua.

"Nitaweza kusema?" akauliza.

"Mwanzoni kwa shida, Mama. Baada ya hapo tutaona."

Mama akanigeukia mimi. "Haya, umepata ulichokuwa unakiomba."

Nilikuwa na jibu. Mimi majibu hayajawahi kuniishia. Lakini siku ile nilijitia kutafuta kitu ndani ya mkoba wangu hadi tulipoinuka.

Tulipofika nyumbani alimwita mwanawe chumbani, akaacha mlango wazi ili nami nisikie bila kuitwa. "Kabla sijalazwa, nipige picha," alimwambia. "Sura yangu ibaki mahali."

Hapo ndipo tulipotazamana. Mama wa mpiga picha hakuwa na picha. Ilikuwepo ile ya kitambulisho tu, ambayo amefanana na mtu anayetafutwa na polisi. Kwenye kila sherehe, kamera ikinyanyuliwa, yeye alikuwa na sufuria ya kwenda kuiangalia. Na sasa, kwa kuwa alikuwa analazwa keshokutwa, ilikuwa imebaki kesho tu.

"Nitampiga kwa lenzi yangu," Profesa akasema.

"Mpige kwa kamera ya kawaida," nikamwambia. "Hapa hakuna kurudia. Akirudi, sura yenyewe haipo."

"Mama yangu simpigi kwa pii."

Nilimwambia kwamba yeye ni kichwa maji. Alikubali, akaenda kufuta lenzi.

Kesho yake tulifunga mlango wa mbele, tukageuza kibao. Mama alitoka chumbani amevaa gauni lake la kijani kibichi na hereni za lulu, mtandio umemwangukia begani upande wa kushoto. Alikuwa amepaka poda. Kwa miaka yote niliyomjua alikuwa akisema poda ni ya watu wenye cha kuficha, na nilimeza mate badala ya kumkumbusha.

Profesa aliweka stuli karibu na dirisha, akaizungushia alama za chaki sakafuni, akaifunga kamera kwenye stendi. Kisha akaniita. "Kaa wewe kwanza, nikulenge. Nikishakupata, sigusi kitu. Unatoka, Mama anakaa palepale."

"Yaani mimi ni kigingi."

"Kaa."

Nikakaa. Akazungusha pete ya lenzi huku, akairudisha huku, akabonyeza ya kujaribu. Nikainuka, Mama akakaa, miguu ya stuli ikiwa ndani ya chaki, kila kitu mahali pake. Mwanawe akainama nyuma ya kamera.

"Tulia hivyo hivyo, Mama. Nataka itoke kali."

Jamani. Mwanamke ambaye amekuwa mkali bila kuagizwa tangu nimjue, leo anaagizwa. Alikunja uso akautazama ule mdomo wa lenzi kama amemkuta mtu anafutia viatu kwenye shuka zake alizoanika.

"Sio wewe, Mama. Picha ndiyo iwe kali."

"Picha ya nani?"

"Yako."

"Sasa picha yangu itakuwaje kali na mimi nacheka?"

"Kali maana yake ionekane wazi, Mama. Safi."

"Basi ungesema safi. Nimeoga."

Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani kwa adabu, mabega yanatikisika. Profesa akapiga. Akaangalia nyuma ya kamera, akapiga tena. Akazungusha pete kidogo, akapiga. Akarudisha, akapiga. Ikafika mahali Mama akanyoosha mkono, akataka kuona mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa yangu, ile ya kigingi. Imetoka safi kabisa, hadi kovu la tetekuwanga kidevuni. Zilizofuata zilikuwa zake. Kwenye moja hereni ilikuwa ya ajabu, lulu imekaa kama unaweza kuichomoa. Kwenye nyingine ilikuwa kola ya gauni. Kwenye nyingine ilikuwa rangi ya ukuta nyuma yake, na nyufa zake zote. Uso wake ulikuwa moshi katika zote.

"Umepiga ukuta, mwanangu," Mama akasema. "Ukuta haulazwi kesho."

Nilisubiri Profesa acheke. Hakucheka. Aliinama tena nyuma ya kamera, akaizungusha pete, akaiacha. Akajifuta jicho kwa kiwiko, akainama, akajifuta tena.

"Sioni," akasema kwa sauti ndogo. "Naomba dakika. Sioni."

Akatoka kupitia mlango wa nyuma, tukasikia bomba la uani likifunguliwa na kuachwa limwage maji. Nilimwonea huruma. Sikuwa nimepanga kumwonea huruma, nilikuwa nimepanga kumwambia nilishakwambia, na maneno yalikuwa tayari ulimini.

Nikaenda kaunta nikachukua kamera yangu.

"Weka chini," Mama akasema. "Hiyo ni ya pasipoti. Mimi nasafiri?"

Ni swali lisilokuwa na jibu zuri. Nikaiweka chini.

Basi nikainama nyuma ya kamera ya mume wangu, nikaushika ule mduara wa chuma, nikazungusha. Mwanzoni hapakuwa na kitu ila ukungu wenye kijani. Nikazungusha pole pole. Hereni ikaja, ikapita. Shavu likaja. Zikaja nywele nyeupe chache kwenye nyusi, ambazo sikujua anazo. Likaja jicho, likiwa na alama ndogo ya kahawia kwenye weupe wake, mahali ambapo ingebidi uwe umemkaribia sana kuiona. Nimekaa nyumba moja na uso ule muda wote huo, na ukweli ni kwamba nilichokuwa nikikitazama ni mdomo wake tu, nione unafunguka lini ili nianze kujibu.

Nikapeleka kidole kwenye kitufe. Na hapo, kabla tu sijabonyeza, jicho likayeyuka.

Nikalitafuta tena. Nikalipata. Kidole kikasogea, likayeyuka. Mara ya tatu nilitoa kichwa nyuma ya kamera nikamwangalia kwa macho yangu mwenyewe huku kidole kikienda, ndipo nilipoona. Kila anaposikia tunataka kupiga, alikuwa akivuta kidevu ndani na kulilaza shavu la kushoto kwenye mtandio. Kidogo sana. Kwa kamera yangu nisingegundua, ingelia pii na kumfuata huko huko. Lakini kwa dude hili, kidogo kile kilikuwa kinatosha kumpeleka arijojo.

"Mama, unakimbia."

"Nimekaa kwenye kigoda hiki tangu mchana. Nakimbilia wapi?"

"Unalificha shavu."

Alitaka kunijibu. Nilimwona akilitafuta neno la kunikata nalo. Akaushika mtandio.

"Nilisema ibaki sura yangu," akasema. "Sikusema ubaki uvimbe."

"Uvimbe unaondoka, Mama. Tatizo ni kwamba shavu linaondoka nao. Sasa unalinyima picha kwa sababu limekaa na rafiki mbaya?"

Mdomo wake ukacheza upande mmoja, akaukaza haraka. Maji ya bomba yalikuwa bado yanamwagika huko uani, na kwa kawaida angeshapiga kelele yafungwe.

"Naogopa, Mdomo," akasema.

"Na mimi naogopa."

"Wewe unaogopa nini? Wewe unapata amani."

"Nitagombana na nani?"

Alinitazama. Hakutazama lenzi, alinitazama mimi. Kisha akaushusha mtandio kutoka begani, akaligeuzia dirisha shavu la kushoto lote pamoja na uvimbe wake na poda yake, akatulia. Nikainama. Alama ya kahawia ilikuwa inanisubiri palepale nilipoiacha. Nikabonyeza.

Profesa alirudi uso umelowa, akaangalia nyuma ya kamera. Jicho la kushoto lilikuwa wazi kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka katika studio ile. Chini yake shavu lilikuwa limevimba, hakuna aliyelificha, na mwanga wa dirisha ulikuwa umelilalia vizuri. Mama hakuwa anacheka wala hakuwa amekasirika. Alikuwa mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulitarajia.

"Imetoka kali," mwanawe akasema.

Na Mama, kwa kusikia neno hilo, akakunja uso. Tulicheka wote, yeye akiwa ameshika taya kwa maumivu na kutukataza tusimchekeshe, na kesho yake asubuhi tukampeleka.

Walimkata. Nisizunguke. Alirudi kwetu akiwa na bandeji, na bandeji zilipotolewa, upande wa kushoto ulikuwa umeingia ndani na midomo imevutwa kwenda huko. Maneno yalitoka yamepondeka. Daktari alisema afanye mazoezi ya kuongea, na yeye aliamua kutofanya. Alikuwa akinyoosha kidole kwa alichokitaka. Alikuwa hatoki chumbani mgeni akiwepo. Chumvi ikizidi, anakula. Niliizidisha makusudi mara moja, nisikie atasemaje, na alikula sahani yote bila kunitazama. Nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira, nikiwa na kijiko mkononi. Nyumba ilikuwa imepata amani yake, na sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia amani ile. Jirani alipandisha tena sauti ya redio.

Picha tulikuwa tumeisafisha kubwa na kuitundika studio, juu ya kaunta yangu. Hatukumwambia. Profesa aliogopa itamuumiza, mimi niliogopa atakaa kimya.

Siku moja, wateja wawili wakiwa kwenye benchi wanasubiri picha za pasipoti, mlango ukafunguliwa, akaingia mwenyewe. Amevaa gauni la kijani. Hakuwa na mtandio. Wale wateja walimwangalia, kisha wakapata shughuli kwenye viatu vyao. Akasimama chini ya ile picha akaitazama sana. Profesa alitoka nyuma ya pazia, akabaki amelishikilia.

Mama akasema kitu.

"Anasemaje?" Profesa akaniuliza.

Nilikuwa nimemwelewa. Mtu ambaye amesikiliza kila neno la mwenzake kwa miaka ili alipinge, hawezi kushindwa kumwelewa kwa sababu tu maneno yamepondeka. "Anasema, tena," nikajibu. "Anataka apigwe tena."

Tukaingia nyuma ya pazia. Akaisukuma stuli mwenyewe mpaka karibu na dirisha, akakaa, akaugeuzia mwanga shavu la kushoto, lile ambalo sasa halipo. Mwanawe akainua mkono kuchukua kamera. Mama akaupiga kofi ule mkono, akaninyooshea kidole mimi.

Nikainama, nikashika pete. Ukungu. Kijani. Hereni ikaja, ikapita. Likaja kovu, refu, bado lina wekundu. Sikulikimbia. Likaja jicho, na ile alama yake ya kahawia, hakuna kisu kilichoigusa. Safari hii hakusogea hata chembe. Kidole kikaenda kwenye kitufe, na yeye akafungua mdomo akasema maneno mengine, polepole, mate yakimtoka pembeni, na hakuyafuta.

"Anasemaje?" Profesa akauliza.

"Ananitukana. Ananiita Mdomo."

Mama akatikisa kichwa. Hapana. Akarudia, akilisukuma kila neno kwa upande aliobakiwa nao, akinitazama mimi na si lenzi.

Mkono wangu ukaizungusha pete bila mimi kutaka.

"Sasa anasemaje?"

"Anasema, Mdomo wangu," nikamwambia, na hapo pete ya lenzi, na jicho, na dirisha, vyote nilikuwa sivioni.

Nikabonyeza hivyo hivyo. Ukuta ulitoka vizuri sana.